Ndege Isiyoruka: Jinsi Wanafunzi wa Sekondari Wanavyoweza Kujenga Mashini ya Kufundishia Urubani

Mtoto ajifunzaye kupanda baisikeli huanguka. Hujichubua goti, hupangusa vumbi, kisha hupanda tena. Naye ajifunzaye kupiga kasia ziwani hupinduka na mtumbwi. Wenzake humcheka, lakini siku ya pili hukaa vizuri zaidi. Wahenga walisema kweli: kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini, wasomaji wapenzi, mmepata kujiuliza rubani wa ndege kubwa ya jeti hujikwaa wapi? Nyuma yake wameketi watu mia na hamsini, na chini yake pana mita elfu kumi za hewa tupu. Je, yeye naye atajifunza kwa kuanguka?

La, hasha. Rubani hujikwaa katika ndege isiyoruka. Huingia katika chumba kilichotengenezwa sawasawa na chumba cha mbele cha ndege: viti ni vile vile, usukani ni ule ule, saa za vipimo ni zile zile. Mbele ya kioo huona uwanja, mawingu na taa za mji. Lakini chumba hicho hakina mabawa wala mafuta. Kimesimama juu ya sakafu ya nyumba. Kompyuta ndiyo inayokadiria kila kitu ambacho ndege ya kweli ingefanya. Humo injini yaweza kushika moto mara ishirini kwa asubuhi moja, na adhuhuri rubani akaenda kula chakula chake salama. Mashini hiyo huitwa simuleta.

Leo twataka kueleza jinsi mashini hiyo ilivyozaliwa, jinsi inavyofanya kazi, na jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyoweza kujijengea ya kwao. Tena twataka kusema jambo moja ambalo kila ajengaye simuleta lazima alishike, awe mwanafunzi au fundi wa kiwanda kikubwa: simuleta ni mwalimu, na mwalimu asemaye uongo aweza kuwa na hatari kuliko kukosa mwalimu.

PIPA NA KINANDA

Mtu asidhani kwamba kazi hii ilianza na mitambo ya fedha nyingi. Yapata mwaka 1910, Wafaransa walikuwa na ndege iitwayo Antoinette, ambayo ilikuwa ngumu kuongoza. Basi wakatwaa pipa lililokatwa nusu mbili, wakaweka nusu moja juu ya nyingine hata ile ya juu ikaweza kuyumba. Mwanafunzi aliketi juu, akashika magurudumu ya kuongozea, nao wasaidizi wakasimama chini wakilisukuma pipa huku na huku. Kazi ya mwanafunzi ilikuwa kulirudisha sawa. Hiyo ndiyo moja ya simuleta za kwanza duniani: pipa, na jasho la rafiki.

Aliyeigeuza kuwa mashini ya kweli ni Mmarekani, Edwin Link, aliyezaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda katika mji wa Binghamton, jimbo la New York. Kijana huyo alipenda sana kuruka, na mwaka 1920 alipata somo lake la kwanza; lakini masomo ya urubani yalikuwa ghali mno. Akawaza: je, mtu hawezi kujifunza sehemu ya kazi hii akiwa chini?

Jibu alilipata mikononi mwake mwenyewe, katika kazi ya kila siku. Kinanda kikubwa cha mabomba hupiga sauti kwa nguvu ya upepo, nao upepo huo hutoka katika mivukuto, kama ile ya mhunzi. Link akajenga ndege fupi ya mbao, akaiweka juu ya mivukuto ya kinanda. Mwanafunzi alipovuta usukani, vali zilifunguka, upepo ukaingia mvukuto mmoja na kutoka mwingine, na ile ndege ikainama au ikainuka. Mwaka 1929 alikuwa amekwisha kuitengeneza. Watu wakubwa wa mambo ya ndege hawakuijali. Mashini zake za kwanza zilinunuliwa na wenye viwanja vya michezo, na watu wakalipa senti ili wayumbishwe na kucheka.

Kicheko kikakoma mwaka 1934. Katika Februari ya mwaka huo, Rais Roosevelt aliwaagiza marubani wa jeshi wachukue barua za posta kwa ndege. Ilikuwa kipupwe kikali, na marubani hao hawakuzoea kuruka katika ukungu na theluji. Ndege zikaanguka moja baada ya nyingine. Katika majuma machache marubani zaidi ya kumi wakafa. Ndipo wakubwa wa jeshi wakamkumbuka mtu wa vinanda. Wakamwita waonane naye katika uwanja wa Newark, na siku hiyo ukungu ulitanda hata wakadhani hatafika. Link akatokea katika ukungu huo akiendesha ndege yake mwenyewe, akatua salama. Mwezi wa Juni jeshi likanunua mashini sita, kila moja kwa dola 3,500. Katika Vita Kuu ya Pili, zaidi ya wanajeshi wa anga nusu milioni walifundishwa kwa mashini za Link.

SIKIO NI MDANGANYIFU

Kwa nini marubani wale walikufa, hali walijua kazi yao? Ni kwa sababu ya sikio. Ndani kabisa ya sikio la mtu mna vijifereji vyenye maji na chembe ndogo mno kama mchanga. Hivyo ndivyo vinavyotuambia kama tumesimama wima, tumeinama au tunazunguka. Kazi hiyo hufanyika vizuri tukitembea kwa miguu. Lakini ndege ikizunguka polepole kwa muda, yale maji hutulia, na rubani aliye ndani ya wingu hudhani kwamba anakwenda moja kwa moja. Akiinyosha ndege, sikio humwambia kwamba sasa ndipo anapopinda! Akiliamini sikio kuliko saa za vipimo, amepotea. Ndiyo maana Link aliweka kifuniko juu ya mwanafunzi: asione kitu ila saa zilizo mbele yake, azizoee, azitii.

Mafundi wa leo hutumia udanganyifu huo huo kwa faida. Simuleta kubwa za mashirika ya ndege husimama juu ya miguu sita ya chuma inayorefuka na kufupika. Mashini ikitaka rubani aone kama ndege inakimbia uwanjani ili iruke, humlaza nyuma kidogo na picha ya mbele ikakimbia. Mgongo wake hukandamizwa kitini, naye huapa kwamba anakwenda kasi, kumbe hajasogea hata mita mbili.

JETI HAITII MARA MOJA

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya jeti iitwayo Comet iliondoka London ikiwa na abiria wenye tikiti, kwenda Johannesburg. Ilikuwa safari ya kwanza ya namna hiyo duniani, na njiani ilitua Entebbe, Uganda. Hivyo watu wa pande zetu za Maziwa Makuu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuisikia sauti ya jeti ya abiria.

Pamoja na jeti likaja somo jipya. Katika ndege za zamani zenye rafadha, yaani mapanga yazungukayo mbele ya injini, rubani akiongeza mafuta, mapanga husukuma upepo juu ya bawa papo hapo na ndege hunyanyuka. Injini ya jeti si hivyo. Ndani yake mna magurudumu mengi yenye meno ya chuma, yanayomeza hewa, kuikandamiza, kuichoma pamoja na mafuta na kuitupa nyuma. Magurudumu hayo yakiwa yanazunguka pole, hayawezi kukimbia kwa kufumba na kufumbua. Sheria za Marekani za kupima ndege kubwa huhesabu hata sekunde 8 tangu rubani asukume wenzo wa nguvu hata injini itoe nguvu anayoihitaji. Hesabuni polepole moja hata nane, nanyi mtaona jinsi muda huo ulivyo mrefu kwa mtu ambaye ardhi inamjia.

Tarehe 11 Novemba 1965, jeti aina ya Boeing 727 ilikuwa inashuka katika uwanja wa Salt Lake City, Marekani. Ilishuka kwa haraka mno, wala mkuu wa marubani hakuchukua hatua kwa wakati wa kuizuia. Ikagonga ardhi kabla ya kufika uwanjani, ikashika moto. Kati ya watu 91 waliokuwamo, 43 wakafa. Rubani wa jeti hana budi kuomba nguvu kabla hajaihitaji, na mazoea hayo yafaa ayapate katika chumba kisichoruka.

Mwanafunzi ajengaye simuleta ya jeti aangalie hapo. Akiandika programu yake hata ndege ikatii mara tu wenzo unaposukumwa, amejenga jeti ya hadithi. Wenzake watafurahi kuiendesha, na watajifunza jambo lisilo kweli.

KAZI YA MIKONO YA VIJANA

Je, yawezekana kweli wanafunzi kujenga mashini hiyo? Yawezekana, na imekwisha kufanyika. Mwaka 2012, huko California, vijana wa sekondari walitwaa kiunzi cha ndege ndogo ya zamani aina ya Piper, wakakitundika katika fremu ya chuma hata kikaweza kupinduka duara zima, kichwa chini miguu juu. Wakakigeuza kuwa chumba cha ndege ya vita ya kubuniwa, wakakionyesha mbele ya watu katika maonyesho ya mafundi yaitwayo Maker Faire.

Lakini hatuwashauri ninyi, vijana, kuanza na mambo ya kupinduka. Mashini inayomzungusha mtu yaweza kumvunja shingo. Yahitaji mikanda madhubuti, kifungo cha kuizima mara moja, na mtu mzima mwenye ujuzi asimame karibu. Anzeni na chumba kilichotulia. Picha ya mbele peke yake, ikiwa kubwa, yatosha kumfanya mtu ainamishe kichwa ndege inapopinda.

Vinavyotakiwa ni hivi. Kwanza, mbao za kutengenezea kiti, meza ya saa na usukani. Hiyo ni kazi ya wale wapendao useremala. Pili, vizuizi vya umeme vya kuzungushwa, ndugu wa kile tunachokizungusha ili kuongeza sauti ya redio. Kimoja hufungwa kwenye mti wa usukani, kingine kwenye pedali, kingine kwenye wenzo wa nguvu. Tatu, kibao kidogo cha umeme kiitwacho Arduino, kilichobuniwa Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Usukani ukizunguka, umeme unaopita katika kizuizi hupungua au huongezeka. Kibao huupima na kuugeuza kuwa hesabu kati ya 0 na 1023, kisha huipeleka katika kompyuta. Nne, kompyuta yenyewe na programu. Iko programu iitwayo FlightGear, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997, ambayo hutolewa bure, na kila mtu aweza kusoma jinsi ilivyoandikwa na kuirekebisha.

Hapo ndipo masomo ya darasani yanapopata miguu. Wako wanafunzi wanaouliza hesabu za mraba zina faida gani. Basi na wajue kwamba nguvu inayonyanyua ndege hufuata mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, ikiongezeka mara tatu, nguvu huwa mara tisa. Tena hufuata uzito wa hewa. Kando ya bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa gramu 1,225 hivi. Katika mita 11,000, ambako jeti husafiri, haizidi gramu 365.

Na si lazima kupanda mbali hivyo ili kuona tofauti. Uwanja wa Goma uko juu ya bahari kwa mita 1,500 na zaidi, na hewa yake ni gramu 1,060 hivi tu. Ndege ambayo ingeinuka Moanda, pwani, kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa, huko Goma itahitaji karibu 270, ijapokuwa mzigo ni ule ule. Kwa hiyo lazima ikimbie mbali zaidi uwanjani, na siku ya jua kali mbali zaidi tena. Mwanafunzi aliyepiga hesabu hiyo mwenyewe, kisha akaona katika simuleta yake jinsi uwanja unavyokwisha huku magurudumu yangali chini, hataisahau hata akiwa mzee.

Kazi igawanywe. Mmoja aone mbao, mwingine nyaya, mwingine hesabu, mwingine programu. Na mmoja awe mwandishi, mwenye daftari ya kuandika kila lililojaribiwa na kila lililoshindikana. Huyo wa mwisho asidharauliwe. Bila daftari yake, wenzake watarudia kosa lile lile mwezi mzima.

MWALIMU MWONGO

Sasa turudi kwenye neno tulilolitanguliza. Tarehe 29 Oktoba 2018 jeti mpya aina ya Boeing 737 MAX ilianguka baharini karibu na Jakarta, Indonesia, watu 189 wakafa. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine ya aina ile ile iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka baada ya dakika chache, wakafa watu wote 157. Vilio vilisikika katika nchi nyingi, na Kenya ilipoteza watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Ilionekana kwamba katika ndege zote mbili mtambo uliofanya kazi peke yake uliisukuma pua ya ndege chini tena na tena, kwa sababu kipimo kimoja kilitoa habari ya uongo.

Rubani aliyeuzima mtambo huo alipaswa kuirudisha ndege sawa kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Ndege ikiwa katika kasi kubwa, gurudumu lile huwa zito hata nguvu za mtu hazitoshi. Nayo Mei 2019, kampuni ya Boeing ilikiri kwamba programu ya simuleta za ndege hiyo haikuweza kuigiza hali fulani za safari. Magazeti yalieleza kwamba kasoro ilikuwa hasa katika uzito wa gurudumu hilo: chumbani liligeuka kwa urahisi kuliko angani. Hatusemi kwamba simuleta ndiyo iliyoziangusha ndege hizo. Twasema kwamba mwalimu aliyepaswa kuwaonya marubani juu ya uzito huo hakuujua. Zaidi ya hayo, marubani waliotoka katika 737 za zamani hawakulazimishwa kupita katika simuleta ya MAX. Ni Januari 2020 tu Boeing ilipopendekeza kwamba wote wafundishwe humo kabla ya ndege hizo kurudi kazini.

Njia ya mwongo ni fupi, husema Waswahili. Na katika anga ni fupi kuliko mahali pote. Kwa hiyo, vijana, chumba chenu kikiisha, msiulize kwanza kama kinapendeza. Ulizeni kama kinasema kweli. Tafuteni vitabu vya ndege mliyoichagua, mwone huinuka kwa kasi gani na huhitaji uwanja wa urefu gani, kisha mpime kwa saa katika mashini yenu. Sukumeni wenzo wa nguvu na kuhesabu sekunde. Hesabu zikipishana, andikeni katika daftari, mtafute sababu. Wala msibadili hesabu ili ilingane na matakwa yenu. Aliyezoea kuficha tofauti ndogo katika mashini ya mbao atakuja kuificha katika dawa ya mgonjwa, katika nguzo ya daraja, katika hesabu za duka.

Nanyi wazazi, mkimwona mtoto ameketi ndani ya sanduku la mbao akigeuza usukani usiokwenda po pote, msiseme haraka kwamba anacheza. Mwulizeni kwa nini ndege yake huchelewa kuitika. Akiweza kuwaeleza habari ya magurudumu ya jeti na zile sekunde 8, mjue kwamba ada ya shule haikupotea bure.

Kwa wale wasio na kompyuta wala Arduino, bado liko pipa la Wafaransa. Tafuteni mbao, tairi la zamani la kuyumbia, fimbo mbili na marafiki wanne wa kusukuma. Nyosheni uzi mbele ya macho ya aliyeketi, usawa na upeo wa ziwa au mlima, na mmwamrishe asiuache upotee. Likizo moja yatosha kwa kazi hiyo, na ndivyo walivyoanza wenye ndege.